Umeitwa Usaili wa Udaktari Uingereza? Jipange Hivi

Kwetu, kuingia udaktari kwa kawaida ni habari ya alama. Tanzania unapambana na PCB yako (fizikia, kemia na biolojia), Kenya unasubiri KUCCPS, taasisi ya kupanga wanafunzi vyuoni, ikupange, basi. Uingereza alama zinakufikisha mlangoni tu. Unafanya mtihani wa kujiunga na udaktari wa UCAT, unajaza fomu ya UCAS (mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo) kufikia tarehe 15 Oktoba, na chuo kikikupenda kinakuita usaili, mara nyingi kati ya Desemba na Machi. Mzazi atakuombea dua, lakini huenda yeye mwenyewe hajawahi kukaa kwenye kiti hicho. Basi nisikilize mimi.

Soma barua ya mwaliko hadi mstari wa mwisho. Tafuta kitu kimoja: ni jopo au ni MMI (Multiple Mini Interviews)? Oxford na Cambridge hukuweka mbele ya walimu wachache wanaokupa swali la sayansi ambalo hujawahi kuliona, kisha wanakusukuma uone mbele zaidi. Vyuo vingi vingine hutumia MMI. Unazunguka vituo vifupi, kila kimoja na msaili wake, dakika tano hadi nane hivi. Kengele ikilia, unahama.

Uzuri wa MMI ni kwamba kila kituo kina alama zake. Ukiboronga cha pili, msaili wa cha tatu hana habari. Vuta pumzi, soma karatasi iliyobandikwa mlangoni, ingia kama mtu mpya.

Kama usaili ni wa mtandaoni, hesabu saa vizuri. Majira ya baridi London iko nyuma ya Dar na Nairobi kwa saa tatu. Barua ikisema 10:00, hiyo ni saa nne asubuhi ya kule na saa saba mchana ya kwako. Andika zote mbili kwenye kalenda. Nunua bando la akiba, chaji simu iwe tayari kama laptop itagoma, na waambie watu wa nyumbani mapema. Blenda ya juisi ina tabia ya kuanza kazi wakati usiofaa.

Swali la kwanza unalijua: kwa nini udaktari? "Nataka kusaidia watu" halitoshi. Muuguzi anasaidia watu, dereva wa ambulensi naye pia. Eleza kazi ya daktari yenyewe: kutafuta ugonjwa ni upi, kuamua tiba, na kubeba lawama ya uamuzi huo. Na usithubutu kuwashusha wauguzi ili daktari apande.

Ukiulizwa ulijifunza nini zahanati au kwenye nyumba ya wazee ulikojitolea, usiorodheshe siku na vyeo. Simulia kitu kimoja ulichokiona kwa macho yako. Muuguzi aliyechuchumaa hadi usawa wa sikio la bibi kabla ya kusema neno, akarudia maelezo, kisha akamwomba bibi amweleze alichoelewa. Halafu sema wewe ulichukua nini hapo. Tukio dogo likichambuliwa vizuri linapita wiki nzima hospitali kubwa isiyo na la kusimulia.

Sasa twende kwenye kituo kinachowatoa watu jasho: igizo. Ndani yumo mwigizaji aliyeajiriwa kukasirika au kulia. Mfano unaotumika sana kwenye mazoezi: umemgonga paka wa jirani ukiwa unarudisha gari nyuma. Nenda kamwambie.

Bisha hodi. Jitambulishe. Mwombe mkae. Mwandae kwa sentensi moja kwamba una habari mbaya, kisha itoe bila kuizungusha: "Nimemgonga paka wako, na amekufa." Halafu nyamaza.

Hapo kwenye kunyamaza ndipo wengi wetu tunakwama. Tumezoea kufariji haraka: kazi ya Mungu, usilie, utapata mwingine. Mwigizaji akisikia hayo anazidi kufoka, na msaili anaandika. Mwache alie. Mwangalie. Sekunde kumi zitaonekana kama saa nzima, zivumilie. Akitulia, mpe pole, omba radhi, muulize angependa msaada gani. Usijitetee kwamba paka ndiye aliyekatiza njia, hata kama ni kweli.

Kituo cha maadili nacho kina mtego kwa mtoto aliyelelewa kwa nidhamu ya kwetu. Utaambiwa: binti wa miaka 15 anataka vidonge vya kuzuia mimba na hataki mama yake ajue. Ulimi utawasha kusema mzazi lazima aitwe. Subiri kidogo. Tangu uamuzi wa mahakama katika kesi ya Gillick mwaka 1985, aliye chini ya miaka 16 anayeelewa vizuri tiba na matokeo yake anaweza kuiridhia mwenyewe. Daktari atamhimiza azungumze na mzazi, lakini hamlazimishi. Atachunguza pia kama kuna mtu mzima anayemtumia vibaya, maana hapo usiri una mipaka.

Kwa hiyo usitoe fatwa. Pima upande huu, pima ule: haki ya mgonjwa kuamua, faida yake, madhara yanayoweza kumpata, na haki kwa wengine. Kisha fikia uamuzi. Ukibaki unasema "inategemea" mpaka kengele ilie, hujajibu. Imani yako hakuna anayeigusa. Wanachotaka kujua ni kama mgonjwa mwenye imani tofauti atakuwa salama mikononi mwako.

Fikiri kwa sauti, hasa kwenye hesabu. Mtoto ana kilo 18, dawa ni miligramu 15 kwa kila kilo, na sharubati ina miligramu 120 katika mililita 5. Sema kila hatua: miligramu 270, sawa na mililita 11.25. Halafu jikague kwa sauti: "Hiyo ni kama vijiko viwili vya chai na kidogo, inaingia akilini." Ukipata mililita 112, hicho ni karibu nusu glasi ya dawa. Shtuka, rudi nyuma, sahihisha mbele yao. Kujisahihisha kwa utulivu hakukuangushi.

Mdogo wangu, jambo moja la malezi uliweke kando kwa siku hiyo: kutojisifu. Ukiulizwa kuhusu kazi ya pamoja, usiseme "tulifanya, tukafanikiwa" mwanzo mwisho. Wanataka sehemu yako. Sema "niligawa zamu, nikagundua mwenzetu amekata tamaa, nikamfuata." Huko si kujigamba. Na usiinamishe macho kwa heshima. Mtazame msaili, au kamera kama mko mtandaoni.

Lafudhi yako iache ilivyo. Punguza mwendo tu.

Kuhusu NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, jua mambo ya msingi: ilianza tarehe 5 Julai 1948, inagharimiwa zaidi na kodi, na mgonjwa kwa sehemu kubwa halipi anapotibiwa. Fuatilia habari za foleni ndefu za matibabu na migomo ya madaktari iliyoanza Machi 2023. Pitia pia mwongozo wa GMC, baraza linalosimamia madaktari Uingereza, uitwao "Good medical practice". Unasomeka bure kwenye tovuti yao.

Mazoezi: weka taimu ya dakika tano, jirekodi kwa simu, jitazame. Itakukera, lakini itazame hadi mwisho. Kisha tafuta mtu asiyekuonea haya akuhoji, maana mama atasema umejibu vizuri hata ukikosea. Usikariri majibu. Msaili amesikia wengi siku hiyo, kasuku anamtambua kwa sentensi ya kwanza. Na kabla ya kulipia kozi za bei mbaya, pitia miongozo ya bure ya Medical Schools Council na ya chuo chenyewe.

Ukitoka, usirushe maswali kwenye kundi la WhatsApp. Vyuo vingi vinakutaka uyatunze siri, na ukikamatwa unaweza kupoteza nafasi. Andika kwenye daftari lako ulikokwama tu. Litakufaa, maana UCAS inakuruhusu kuomba udaktari kwenye vyuo vinne, na mwaliko wa pili unaweza kuingia wiki hiyo hiyo.