Kompyuta Kongwe Katika Karakana ya Mavazi

Kijitabu kwa mafundi cherehani, watarizi na wabunifu wa mavazi wa Garissa, Wajir na Mandera

Si ajabu, katika maduka ya mafundi wa Suq Mugdi mjini Garissa, au katika yale ya Wajir na Mandera, kuikuta kando ya cherehani kompyuta iliyopauka kwa vumbi, inayoendeshwa na Windows 7 au hata Windows XP, na ndani yake programu ya kubuni mavazi ambayo fundi ameizoea kama anavyoyazoea makasi yake. Na maadamu kompyuta hiyo inachora mkono wa dirac, inapanga nakshi za pindo la garbasaar, na kuipa mashine ya kutarizi kazi yake bila ya matata, mwenyewe haoni sababu ya kuitilia shaka.

Kijitabu hiki hakikuandikwa kumtisha fundi huyo, wala kumshauri akitupe jaani chombo kinachomlisha yeye na wanawe. Mara nyingi anazo hoja nzuri za kutokihama. Programu aliyonayo huenda iliundwa zamani kwa mifumo ya biti 16, ambayo Windows za biti 64 haziiendeshi kabisa. Au leseni yake imo katika kifunguo cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, katika tundu ambalo kompyuta za leo hazina. Au mashine ya kutarizi aliyoinunua kwa jasho haitambuliwi na mfumo mpya. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai chipu ya usalama na prosesa ambazo kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazina. Kumwambia mtu wa hali hiyo anunue kompyuta mpya, programu mpya na mashine mpya kwa mpigo ni kumpa nasaha asiyoweza kuitekeleza, na nasaha ya namna hiyo haina faida kwa mtoaji wala kwa mpewa.

Maana ya mfumo kuachwa mkono

Kampuni ya Microsoft iliacha kuitolea Windows XP masahihisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa wenye Windows 10 wanaojiandikisha wameongezewa muda hadi Oktoba 2026. Siku ya pili yake kompyuta huwaka kama ilivyowaka jana, na programu ya kubuni hufunguka vilevile. Kilichokoma ni matengenezo ya kasoro, ambazo hazikosekani katika mfumo wowote uliotungwa na binadamu.

Na hapa pana jambo ambalo wachache hulitambua, nalo ndilo kiini cha hatari yenyewe. Mfumo mpya aghalabu hujengwa juu ya msingi wa ule wa kale, hata kasoro inayogunduliwa katika mpya huwa mara nyingi imo pia katika wa zamani. Na kampuni inapotoa sahihisho kwa ajili ya ule mpya, wahalifu hulichambua, wakajua kwalo tundu liko wapi, kisha wakaliendea tundu lile lile katika mifumo ambayo haitazibwa kamwe. Kwa hiyo kila mwezi unaopita baada ya mfumo kuachwa huwaongezea ilimu wale wanaoutafuta, ilhali mwenye kompyuta haongezewi kinga yoyote.

Mfano ulio mashuhuri ni kirusi cha WannaCry, kilichoanza kuenea tarehe 12 Mei 2017 na kuzikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikifunga faili za watu na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Sahihisho la kasoro ile lilikuwa limekwisha kutolewa tangu Machi, miezi miwili kabla, na wengi wa walioathirika walikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado ikihudumiwa, lakini hawakuwa wamelipokea. Ikiwa wale waliokuwa na dawa mkononi waliumia kwa kuchelewa kuinywa, seuze yule ambaye hapewi tena!

Programu ya kukinga virusi yafaa kuwa nayo, lakini isidhaniwe kuwa badali ya masahihisho.

Amana ya mteja

Fundi atasema: mimi ni mshonaji tu, ni nani atakayeihangaikia kompyuta yangu? Walakini kirusi hakimchagui mtu kwa cheo chake. Tena, naazingatie kilichomo humo. Yamo majina na nambari za simu za wateja, vipimo vya miili yao, na mara nyingine picha za mabibi harusi zilizopigwa katika faragha ya chumba cha kupimia, mwenyewe akiwa ndani ya dirac nyepesi na hana shungi kichwani, kwa kuwa aliyeishika simu ni mwanamke mwenzake anayemwita abaayo na kumwamini kama dada. Picha ya namna hiyo ikitoka nje haina wa kuirudisha, na katika miji yetu, ambamo kila mtu hujua ukoo wa mwenziwe, dhara yake huwafikia jamaa wote.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 humtaka anayehifadhi habari za watu azilinde, na habari hizo zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72. Rai yetu ni kwamba picha za kupimia zisihifadhiwe kabisa baada ya nguo kukabidhiwa, na kwamba daftari la karatasi lililofungiwa sandukuni, kwa duka lenye wateja wachache, ni salama kuliko kompyuta ya Windows XP iliyounganishwa na intaneti. Wako watakaotucheka kwa kuisifu karatasi, nasi tunaisifu.

Kuitenga kompyuta

Ushauri wetu mkubwa ni huu: kompyuta kongwe ifanye kazi moja tu, ya kubuni na kutarizi, na isiguse mtandao. Mambo ya iTax, eCitizen, barua pepe na malipo yafanywe kwa simu au kwa kompyuta nyingine inayopokea masahihisho. Haitoshi kuahidi kwamba hutaingia intaneti. Zima Wi-Fi katika mipangilio, lifute jina la hotspoti ya simu yako ili kompyuta isijiunge yenyewe unapoiwasha, na uiondoe modemu ya kuchomeka, ikiwa ipo. Hata kivinjari cha Chrome kimeacha kupokea matoleo mapya katika Windows 7 na 8.1 tangu mwanzo wa mwaka 2023, basi hapana unalolikosa.

Ukisha kuufunga mlango huo, hubaki dirisha, nalo ni flashi. Kirusi cha Conficker, kilichozuka Novemba 2008, kilipita kwa mtandao na kwa flashi pia. Na ni nani aliyewahi kuchapisha kitu saiba asiyekutana na kile kirusi kinachoyaficha mafolda na kuacha mahali pake vishale vya kughilibu? Weka flashi moja ya kupeleka nakshi kutoka kompyuta hadi mashine ya kutarizi, uitie alama ya rangi, na isitoke dukani hata kwa mkopo wa jirani. Mteja akileta mchoro wake, upokee kwa simu na uuchore upya, au uufungulie kwanza katika kompyuta nyingine iliyo salama.

Programu zilizovunjwa leseni ni mlango wa tatu, na mbaya kuliko yote miwili, kwani anayekuuzia hukuagiza kwanza uzime kinga ya virusi, nawe ukamtii.

Kazi zako zisife na kompyuta

Diski ngumu huchoka, na joto la Garissa, pamoja na umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, huiharakisha ajali yake. Nakili basi kazi zako katika diski mbili, moja ikae nyumbani. Lakini angalia unachokinakili. Faili ya DST, ambayo mashine nyingi za kutarizi huisoma, haina umbo la ua wala rangi za nyuzi. Ina mfululizo tu wa mishono na miruko ya sindano. Mtarizi aliyehifadhi DST pekee, akitaka kulikuza ua la pindo liwe la kifuani, aghalabu huona mishono ikiachana na kitambaa kikichungulia katikati. Hifadhi kwa hiyo faili asilia ya programu yako, na kando yake toleo la SVG au PDF la mchoro. Violezo vya kukatia navyo vitolewe katika DXF, ambayo programu nyingi za kisasa huifungua.

Siku utakapoamua kuhama, hulazimiki kulipa. Inkscape pamoja na Ink/Stitch hutosha kwa kutarizi, na Seamly2D kwa violezo vya vipimo. Zote ni za bure, na zote hufanya kazi katika Linux Mint, ambayo huenda ikakubaliwa na kompyuta ile ile iliyokataliwa na Windows 11. Kuipakua ni takriban gigabaiti 3, basi heri uinakili kwa mwenzio mwenye mtandao wa uhakika. Ijaribu kwanza kutoka katika flashi pasipo kufuta chochote, na uulizie mapema kama mashine yako ya kutarizi itatambuliwa.

Likitokea shambulio, chomoa waya, usilipe fidia, na upeleke taarifa kwa kituo cha KE-CIRT kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Na kompyuta kongwe ikifika siku ya kuuzwa, ing'oe diski ngumu ubaki nayo, kwa sababu faili uliyoifuta kwa kitufe cha kawaida huweza kufufuliwa na yeyote mwenye programu ya kazi hiyo.