Difu ya Lori na Hesabu Zake

Lori linalopakia samaki wakavu hapa Kalokol lina safari ya Lodwar, kisha Kitale. Njiani kuna mchanga wa laga, kuna lami tambarare, halafu ukishapita Marich unaanza kupanda Kamatira kuelekea Kapenguria. Lori ni hilo hilo moja. Litayaweza yote hayo au litashindwa, sehemu kubwa inategemea kile kibonge cha chuma katikati ya ekseli ya nyuma ambacho mafundi hukiita difu.

Ndani yake mna gia mbili za kuangaliwa. Pinioni ni ndogo, nayo huzungushwa na propela. Krauni ni kubwa kama sinia, nayo ndiyo hupeleka nguvu kwa hafu shafti hadi magurudumuni. Gawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni, utapata uwiano. Mathalan, 37 kwa 6 ni 6.17, yaani propela izunguke mara 6.17 ndipo gurudumu lizunguke mara moja. 39 kwa 8 ni 4.88.

Ipi bora? Hebu tupige hesabu. Injini inazunguka mara 2,000 kwa dakika, gia ya juu inapitisha mzunguko bila kuubadili, na tairi likizunguka mara moja linasonga mita 3.3. Kwa 6.17 lori litaenda kilomita 64 kwa saa. Kwa 4.88 litaenda 81! Hapo ndipo matajiri wa malori hushawishika kubadilisha. Lakini kasi hiyo si ya bure, kwani nguvu ya kuvuta hupungua kwa karibu asilimia 21. Kwenye lami hutaona kitu. Kwenye mchanga, au Kamatira na mzigo mgongoni, dereva atarudi gia ya kwanza na klachi itaanza kunuka. Tena kuna hatari nyingine: spidomita inayosoma kutoka giaboksi haina habari kwamba difu imebadilishwa. Itaonyesha 64 ilhali lori liko 81, na juu ya magunia kuna watu.

Wengi huumizwa na vipuri vya mitumba. Krauni ikikatika meno, mtu hununua krauni peke yake ati aokoe pesa. Jamani! Krauni na pinioni husuguliwa pamoja kiwandani na kuuzwa kama jozi. Ukiziachanisha, difu italia, itachemka, na meno yatatafunana. Lori la difu mbili nalo lataka uwiano mmoja nyuma na mbele yake. Ukichanganya, ekseli hizo zitashindana. Mchangani zitateleza na kuficha ubaya, lakini lamini kitu kitakatika.

Kwa lori la difu moja, unaweza kupima bila kufungua. Weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, gia iwe huru, breki ya mkono ilegezwe. Inua upande mmoja tu wa nyuma kwa jeki, uukalishe juu ya gogo imara. Zungusha gurudumu hilo mara 2 kamili huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Kwa nini mara 2? Kwa sababu upande wa pili umesimama, basi krauni huzunguka nusu tu ya gurudumu lililo huru. Propela ikizunguka sita na kidogo, difu yako iko karibu na 6.17. Meno yenyewe utayahesabu difu ikishafunguliwa, kabla hujamtuma mtu Kitale kutafuta jozi.