Somo la Ushonaji: Kigezo cha Suruali ya Mvulana

Hana, mama yake Samweli, alimshonea mwanawe joho dogo na kumpelekea kila mwaka. Bila shaka joho la mwaka jana lilikuwa halimtoshi tena. Sisi wa Masasi na Newala twaijua habari hiyo. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, lakini sare bado ni juu ya mzazi. Fedha za korosho huja mwishoni mwa mwaka, shule hufunguliwa Januari, na mtoto amekwisha kuzipita nguo zake. Tena, tangu kabla ya Askofu Vincent Lucas kulipa jando sura ya Kikristo, kwetu mvulana akitoka jandoni huvikwa nguo mpya.

Kitambaa kikikatwa vibaya hakirudi dukani. Kwa hiyo tukate karatasi kwanza. Karatasi hiyo iliyokatwa kwa umbo la nguo ndiyo kigezo. Magazeti ya zamani au mfuko wa saruji uliokung'utwa vizuri vyatosha.

Kwanza, tumpime mtoto. Tupime kiuno, nyonga mahali palipo panene, na urefu toka kiunoni hadi chini. Kisha tumkalishe juu ya benchi ngumu, tupime ubavuni toka kiunoni hadi kwenye benchi. Hiki ni kina cha kukalia. Wengi wetu hukisahau, na ndiyo sababu suruali huchanika nyuma mtoto akiinama au akipanda mkorosho. Twaulaumu uzi bure.

Pili, tutafute suruali yake kuukuu iliyowahi kumkaa vizuri. Kabla ya kuifumua, tuipime. Kwenye nyonga yafaa izidi mwili kwa sentimita 8 hivi, na kina kizidi kwa sentimita 2. Tuandike kila upungufu.

Tatu, tufumue mguu mmoja tu, tuupige pasi, tuchore vipande vyake viwili juu ya karatasi: cha mbele na cha nyuma. Cha nyuma ni kipana zaidi, na kiunoni hupanda juu zaidi. Tusivifananishe. Tukichora hadi ukingo wa kitambaa, nafasi ya mshono imo tayari; tusiiongeze mara ya pili.

Nne, tuongeze panapopungua. Suruali ina vipande vinne, basi upungufu wa upana tuugawanye kwa nne. Ikiwa nyonga za mtoto ni sentimita 70, suruali yapasa iwe 78. Kuukuu ikiwa 74, zimepungua 4. Kila kipande kiongezwe sentimita 1 upande wa ubavuni, toka juu hadi chini. Kina kikipungua, tusiongeze kiunoni tu. Tuikate karatasi kwa kuivuka, kati ya kiuno na mahali miguu inapoachana, tuitenganishe kwa kiasi kinachotakiwa, na tubandike kipande cha karatasi katikati. Urefu wa mguu nao tuuongeze vivyo hivyo kwenye paja.

Kwa kuwa mtoto anakua, tuache sentimita 5 za pindo, na sentimita 3 katika mshono wa nyuma kiunoni. Mwakani tutafumua na kutanua.

Mwisho, tukate. Kitambaa cha pamba hurudi kikifuliwa, basi tukiloweke na kukianika kwanza. Tukikunje mara mbili, uso kwa uso, ndipo tuweke kigezo. Sisi wenyewe tumewahi kukata kitambaa kikiwa wazi, tukapata miguu miwili ya upande mmoja! Tena mguu ulale sambamba na ukingo wa kitambaa. Ukilala mshazari, suruali itajipinda baada ya kufuliwa.

Kigezo kikishatumika tusikitupe. Tuandike juu yake vipimo na mwaka, tukitundike msumarini. Mwanetu akikipita, mtoto wa jirani atakifikia. Asiye na cherehani anaweza kumpelekea fundi kigezo pamoja na kitambaa chake. Na katika kila mtaa yuko mama au bibi anayelea wajukuu ambaye hana hata suruali kuukuu ya kuanzia. Kumwazima karatasi hakutupunguzii kitu.

Basi, katika mkutano ujao wa akina mama, kila mmoja aje na suruali moja kuukuu, mkasi na gazeti, tufanye kazi hii pamoja kabla fedha za korosho hazijafika.