Somo la Samadi: Malalo ya Mbuzi na Kuku



Somo letu la leo ni la uani, wala mtu asilidharau. Mji wa Garissa uko ukingoni mwa Mto Tana, mto ule ule umwagao maji yake baharini karibu na Kipini, na soko lake la mifugo ni miongoni mwa makubwa ya Kenya. Wako wengi huko wafugao mbuzi na kuku nyumbani. Banda likifagiwa, nyasi zilizolaliwa hutupwa jaani au huchomwa pamoja na mavi yake, hali mashamba ya maembe na ndizi yaliyo mtoni yahitaji chakula hicho hicho. Hiyo twaiita israfu.

Wako wanaojiepusha kwa kuogopa najisi. Katika madhehebu ya Imamu Shafii mavi ya mnyama ni najisi, hata awe wa kuliwa. Lakini wanavyuoni wake wameruhusu kurutubisha ardhi kwayo, na tunda limealo humo ni tohara. Mikono na nguo huoshwa, basi.

Kizuizi kikubwa cha Garissa ni jua. Mvua yake ni haba, na uchafu uliotupwa juani haugeuki mbolea. Hukauka tu, kwani vijidudu viozeshavyo vyataka maji. Kwa hivyo yafaa kuchimba shimo kivulini, kadiri ya mita moja kila upande, malalo yakatiwa humo, yakarashiwa maji na kufunikwa. Ukifumbata fungu lake, liwe kama nguo iliyokamuliwa: bichi, wala halidondoshi. Mavi ya kuku ni makali, yaongezewe nyasi kavu au randa za seremala; harufu ya kuchoma pua ni dalili kuwa nguvu ya mbolea yapotea hewani. Shimo likijaa vizuri hupata joto, na likifika digrii 55 kwa siku kadha vijidudu vingi vya maradhi hufa. Ligeuzwe, ili ya pembeni yaingie kati. Mwenye mbuzi wawili hatalijaza peke yake; na achange na jirani.

Liko jambo jingine. Mti wa mathenge, ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na 1980 ili kufunika ardhi kavu, umegeuka adui wa malisho. Mbuzi hula maganda yake matamu, na mbegu hutoka nzima katika mavi. Atiaye mavi mabichi shambani huenda anapanda mathenge kwa mkono wake! Joto la shimo huua mbegu nyingi, lakini hii ina ganda gumu. Kwa hivyo miche itakayochomoza ing'olewe ingali michanga.

Na nyinyi ndugu wa Lamu, wenye paka wengi: mavi ya paka na ya mbwa yasitiwe katika mbolea ya mboga. Ya paka huweza kubeba kijidudu kimdhuru mtoto aliye tumboni. Yafukiwe mbali na bustani, na mama mjamzito asiyashike.