Kufungua Muziki kwa Malaika: Wimbo wa Harusi ambayo Haikufungwa



Somo la leo linaanzia nje ya kanisa, chini ya turubai, pale mshereheshaji anapowaita maharusi wasimame wafungue muziki. Ni dakika tatu au nne tu. Lakini watu hubishana juu ya wimbo wa dakika hizo kuliko wanavyobishana juu ya masomo ya Misa, na mwaka jana nikiwa likizo nyumbani niliingizwa kwenye ubishi huo na binamu yangu.

"Frateri," aliniambia, "wewe ndiye umesoma. Tufungue na wimbo gani? Mimi nataka Malaika."

Nikamjibu haraka, kama mtu aliyemaliza digrii ya falsafa majuzi na bado hajapata pa kuitumia. Nikamwambia hapana, haufai.

Malaika wengi wetu tumeujua kwa sauti kabla ya kuujua kwa maneno. Ulirekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sauti ya Fadhili William. Juu ya nani hasa aliutunga watu hawajakubaliana: wapo wanaomtaja yeye, na wapo wanaomtaja Mtanzania Adam Salim. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuweka kwenye albamu yao iliyokuja kushinda tuzo ya Grammy, na mwaka 1981 kundi la Boney M. nalo likauimba. Umezunguka dunia. Ukipigwa tu, mashangazi wanafumba macho.

Sasa kaa usikilize unasema nini. Kijana anampenda msichana, anataka kumwoa, fedha hana. Basi. Hakuna ubeti ambao fedha zinapatikana, hakuna ubeti ambao mshenga anarudi na jibu zuri. Wimbo unaisha kijana akiwa palepale mlangoni ulipomkuta. Kwa hiyo, nikamwambia binamu, unataka usimame na mkeo, pete vidoleni, mcheze kilio cha mtu aliyeshindwa kuoa?

Na shida hii si ya Malaika peke yake. Ule wimbo I Will Always Love You, Dolly Parton aliutunga mwaka 1973 alipokuwa anaachana kikazi na Porter Wagoner, mwanamuziki aliyekuwa anaimba naye. Mwaka 1992 Whitney Houston akauvumisha upya. Ni wimbo wa kuaga! Umeshawaona maharusi wangapi wakiucheza, saa tatu tu baada ya kuahidiana mbele ya altare kwamba hawataachana mpaka kifo? Kiingereza kinatuficha mengi, jamani. Ila Malaika ni Kiswahili chetu, hapo hatuna kisingizio.

Sikuishia hapo, nikamletea na Mtakatifu Thoma wa Akwino. Thoma, akimfuata Aristotle, anafundisha kwamba kumpenda mtu ni kumtakia yeye mema. Halafu anatoa mfano wa divai na farasi. Tunasema tunapenda divai, sawa, lakini hakuna aliye rafiki wa divai. Hatuitakii mema yake yenyewe, tunaitaka kwa ajili ya koo letu. Nyimbo nyingi za mapenzi zinampenda mtu kama divai. Mwimbaji anaeleza anavyokosa usingizi, anavyoungua, anavyoishiwa pumzi. Ukiuliza huyo anayependwa yukoje na anahitaji nini, hutapata jibu. Kipimo hiki bado nakitetea mpaka leo. Chukua wimbo unaoutaka, utafute ndani yake mtu anayetakiwa mema. Ukikuta kiu tu, tafuta mwingine.

Sisemi wimbo wa kidunia ni mbaya kwa kuwa ni wa kidunia. Wimbo Ulio Bora umo ndani ya Biblia, na wapendanao wale hawaongei kama wako kwenye semina. Tena wanaongea wote wawili. (Ila nazungumzia ukumbini. Usije ukampelekea mwalimu wa kwaya Malaika kwa ajili ya Misa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulishasema maneno ya nyimbo za ibada yapatane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na Liturujia. Huko hakuna mjadala.)

Binamu alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Frateri, wewe unayajua maneno yake. Mimi nimekaa ndani yake miaka saba."

Nikanyamaza. Maana habari zake nilikuwa nazijua, nilikuwa tu sijazifikiria.

Barua ya posa ilipelekwa, wazee wakataja mahari, akalipa sehemu. Kabla hajamaliza, shemeji akapata mimba, akahamia kwake. Mahari iliisha mwaka wa nne. Ungedhani hapo sasa wangekwenda kwa Padre, lakini ikawa zamu ya sherehe: ukumbi, suti, keki, kadi za michango. Tukivuna. Mwakani. Mwakani tena. Watoto wao wawili walibatizwa, na wao wenyewe wakabaki kwenye benchi kila wakati wa Komunyo. Shemeji ndiye anayewashonea wanakwaya sare. Kwa miaka hiyo yote alikuwa anakaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani, ili asilazimike kusimama kila mara kuwapisha wanaokwenda kupokea. Wa namna hii wapo na kwenye parokia yako, angalia vizuri Jumapili ijayo.

Papa Fransisko aliliona hili. Katika Amoris Laetitia, wosia wake wa mwaka 2016, aya ya 212, anasema maandalizi ya sherehe hula fedha na hula pia nguvu na furaha ya wachumba. Anaongeza kwamba wapo wanaoishi pamoja na hawafungi ndoa kwa sababu ya gharama hizohizo, na anawaomba vijana wawe na ujasiri wa kuwa tofauti. Mimi siidharau mahari, ni heshima ya familia mbili na baba yangu mwenyewe aliilipa. Lakini ukisoma Sheria za Kanisa hutaikuta kwenye masharti ya sakramenti. Keki ndiyo kabisa.

Binamu alikuwa amenishinda nusu. Nusu nyingine nilishindwa na shemeji.

Ni aibu kusema, lakini katika mazungumzo yote yale nilikuwa sijamuuliza yeye anataka wimbo gani. Nilimkuta uani anapeta mchele. Nikamwambia, shemeji, mwenzako anataka Malaika, wewe unaonaje? Akacheka.

"Huyo kaka wa kwenye wimbo," akasema, "alishamuuliza huyo dada?"

Sikumwelewa.

"Kama anazitaka hizo hela. Alishamuuliza? Maana mimi sikuulizwa. Mwaka ule wa kwanza kabisa ningekwenda kwa Padre na gauni la kitenge. Waliokuwa wanaogopa kuchekwa ni yeye na wazee wake."

Akaendelea kupeta. Usiku ule niliweka spika za masikio nikausikiliza wimbo tena, mara nne hivi, na ni kweli: dada hasemi neno. Anaitwa kwa majina ya upole, analiliwa, lakini hajibu hata mara moja. Amependwa miaka zaidi ya 60 na hatujui kama angemkubali kijana wake bila kitu. Pengine angemkubali. Kanuni ya 1057 inasema kinachofanya ndoa ni ridhaa ya wanaooana, na hakuna mamlaka yoyote ya kibinadamu inayoweza kuitoa badala yao. Nilikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani. Sikuwahi kufikiri kwamba kijana wa Malaika alikuwa ameshajitolea ridhaa ya kukataliwa kwa niaba ya dada.

Kwa hiyo niliporudi kwa binamu nilibadilisha maneno. Waisraeli huru, kila Pasaka, walikula mboga chungu. Mtu aliyevuka ana haki ya kuimba wimbo wa ng'ambo aliyotoka, na kwake hautakuwa tena kilio kilekile. Kama unamchagua Malaika kwa sababu ni mtamu masikioni tu, nitakuuliza maswali yaleyale niliyomuuliza yeye siku ya kwanza. Na kwa vyovyote vile msimwachie DJ. Kaeni wawili, simu moja, mkausikilize wimbo wenu mpaka mwisho, kila mmoja amwambie mwenzake amesikia nini. Mkigombana hapo, afadhali mgombane wiki mbili kabla. Hao wangu walikaa, wakagombana kidogo, shemeji akakubali. Sharti lake lilikuwa moja, naye aimbe.

Baba Paroko alifungisha ndoa za jozi tisa katika Misa moja ya Jumamosi, na binamu na shemeji walikuwa jozi ya sita. Wakati wa Komunyo nilikuwa nimeshika patena pembeni ya Padre, kwa hiyo nilimwona shemeji kwa karibu sana alipofungua kinywa.

Sherehe ilikuwa nyumbani. Turubai la jumuiya, pilau, spika mbili za kuazima. Maharusi wakasimama, wimbo ukaanza, na kabla haujafika popote umeme ukakatika. Shangazi mmoja akaudaka hewani, wale mama wa WAWATA wakamfuata. Aliyewazidi wote kwa sauti ni shemeji. Aliimba maneno yote ya yule kijana, na kitenzi chake cha kuoa, kama Makeba alivyokuwa anaimba, huku akimtazama mumewe usoni. Binamu hakuimba. Macho yake yalikuwa chini, anahesabu hatua, asije akakanyaga gauni lile la kitenge.