Kona Hamsini na Saba: maswali ya wanaopanda Kitulo kwa pikipiki

Kila mwaka mvua zinapoanza kukatika, simu yangu hujaa maswali ya watu wanaotaka kutoka Chimala, kupanda ule ukuta wa milima hadi Matamba, kuvuka uwanda wa Kitulo na kutokea Makete au Isyonje. Njia hiyo nimeipita nikibeba viazi, nikibeba abiria, na siku hizi nikiwaongoza wageni wenye pikipiki zao. Karibu wote huuliza namna ya kupanda. Wachache huuliza namna ya kushuka, na hao mara nyingi ni walioshaanguka.

Nina Boxer ya 150. Rafiki zangu wanasema bila pikipiki kubwa sitafika. Ni kweli?

Wanakutisha bure. Simama Matamba asubuhi uangalie zinazopita: ni 125 na 150, hizi hizi za bodaboda, na nyingine ina gunia la viazi nyuma na ndoo mbili zinaning'inia ubavuni. Pikipiki kubwa raha yake ni lami. Ikilala kwenye tope mlimani inataka watu watatu kuinyanyua, na huko unaweza kukaa saa nzima hujaona hata mmoja.

Kabla ya kuondoka mwone fundi akufungie sproketi ya mbele iliyopungua jino moja, kisha aikaze cheni upya. Kwenye lami mwendo utapungua kidogo. Mlimani utaipata faida kotekote, kwa sababu gia nyepesi inayokusaidia kupanda ndiyo itakayoishika pikipiki ukishuka. Mzigo usiurundike wote nyuma kabisa. Usukani ukiwa mwepesi, kwenye mwinuko mkali tairi la mbele linaanza kuelea na pikipiki haikusikii tena.

Mwaka jana nilipofika juu pikipiki ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi wa Mbeya akasema haina tatizo. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Uwanda wa Usangu uko kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kitulo inapita 2,600. Huko juu hewa ni nyepesi kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Kabureta haina habari na mlima: inaendelea kumimina petroli kwa kipimo cha bondeni wakati hewa ya kuiunguza imepungua. Petroli inazidi, plagi inakuwa nyeusi kwa masizi, injini inakosa pumzi. Pikipiki iliporudi chini ikapata hewa yake, ndiyo maana fundi hakuona kitu.

Kama ni safari ya siku moja, vumilia. Safisha chujio la hewa kabla ya kupanda, maana lililojaa vumbi la Usangu linaongeza njaa juu ya njaa, na beba plagi ya akiba. Ukikaa wiki nzima, fundi anaweza kukushushia sindano ya kabureta ngazi moja au kukuwekea jeti ndogo. Lakini usisahau kuirudisha ukishuka. Injini inayopata petroli kidogo kwenye joto la Chimala inachemka vibaya. Pikipiki zisizo na kabureta, zenye mfumo wa kompyuta wa kupuliza petroli, hujirekebisha zenyewe, ingawa nazo nguvu zitapungua.

Hivi kona kweli ni hamsini na saba?

Ndilo jina lake, Hamsini na Saba, na sitaki ugomvi na wenyeji. Mimi nimezihesabu mara tatu. Mara ya kwanza nilipata 57, ya pili 54, na ya tatu, nikiwa na njaa, nilipata 61.

La muhimu ni malori. Lori la viazi lililopakiwa magunia ya lumbesa haliwezi kukata kona zile kwa upande wake tu. Linachukua barabara yote, na pengine linarudi nyuma kidogo ndipo limalize kugeuka. Piga honi kabla ya kona, na ukisikia honi ya lori simama sehemu iliyonyooka hadi lipite. Usijibanze upande wa ndani wa kona, kwa kuwa tairi za nyuma za lori hupita palepale.

Nikifika juu salama, si nimemaliza kazi? Kushuka pikipiki inajiendesha yenyewe.

Hapo ndipo wanapoumia.

Chukua pikipiki, wewe mwenyewe na begi lako, tuseme jumla ni kilo 220. Kuishusha kutoka Kitulo hadi Usangu ni kuiteremsha mita 1,500. Nguvu yote uliyoitumia kupanda inakudai, na njia yake ya kutoka ni joto. Likikusanywa pamoja, joto hilo linatosha kuchemsha lita kumi hivi za maji. Sasa jiulize unataka ndoo hiyo ichemke wapi: ndani ya brekishu zenye upana wa vidole viwili, au kwenye injini iliyoumbwa kuhimili joto?

Mtu akiweka frii ili abane petroli, au akishuka na gia ya nne huku kabana breki mfululizo, brekishu zinapata moto mpaka zinateleza. Unakanyaga, unasikia harufu kama ya nguo iliyoungua kwenye pasi, na pikipiki haipunguzi. Breki ya diski ina ugonjwa wake. Mafuta ya breki hufyonza unyevu kadiri yanavyozeeka, na yenye maji huchemka upesi. Yakichemka hutoa mapovu, na mkono wa breki unakuja wote hadi kwenye usukani bila kushika chochote. Kama hujayabadilisha kwa miaka miwili, yabadilishe kabla ya safari hii.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nashuka kuelekea Chimala jioni, nina haraka, nina abiria. Kwenye kona sijui ya ngapi breki ya nyuma ikaisha. Nikakamata ya mbele kwa pupa, tairi likateleza juu ya kokoto, tukalala. Bahati yetu tulilala upande wa mlima. Upande wa pili ni genge. Abiria wangu alinyanyuka, akajikung'uta, akachukua mfuko wake, akateremka kwa miguu bila kusema neno. Nauli sikuidai.

Tangu siku hiyo nashuka na gia. Kanuni ninayowapa wageni ni hii: gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia, na pakiwa pakali zaidi rudi chini gia moja. Gia iingie kabla ya mteremko kuanza, maana katikati ya mteremko ukibana klachi kutafuta gia, kwa sekunde hiyo pikipiki imekuwa huru. Achia mafuta kabisa, iache injini ilalamike. Breki zitumie zote mbili, kwa vipindi: bana kabla ya kona, achia, ziache zipoe. Ukisikia ile harufu, simama robo saa, nyosha mgongo, angalia Usangu chini yako. Na usimwagie maji ngoma ya gurudumu iliyopata moto. Chuma kinaweza kupasuka.

Kaka, mimi ni abiria tu. Mume wangu ndiye dereva na ananiambia nilalie upande wa pili wa kona ili kusawazisha. Nikifanya hivyo naona kama tunaanguka.

Dada yangu, unaona sawasawa. Kaa kama umeshonwa naye: akilala nawe lala, akinyooka nyooka. Tazama mbele kupitia bega lake la upande wa kona, mwili utafuata wenyewe. Mkishuka usimlalie mgongoni, shika chuma cha nyuma, la sivyo uzito wako wote unaishia kwenye mikono yake. Palipo na tope au mawe makubwa, teremka utembee. Mwambie nimesema mimi. Na helmeti iwe kichwani mwako pia, imefungwa mkanda.

Niende mwezi gani?

Unataka maua au unataka barabara? Kitulo ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua yake, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Maua hayo hutoka wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, yaani wakati huo huo udongo unapogeuka sabuni. Kuanzia Juni njia ni kavu, lakini uwanda umekauka na usiku kuna baridi ya kugandisha umande ukawa mweupe kwenye nyasi. Mimi huchagua Mei mwishoni: maua machache yaliyobaki, vumbi bado halijaamka.

Kwa wanaong'ang'ania Februari: punguza upepo kidogo kwenye tairi, fuata mkondo mmoja wa magurudumu usihamehame, na usibane breki ya mbele kwenye tope. Madigadi ya mbele iliyo karibu na tairi ikijaa udongo, gurudumu linagoma kabisa, kwa hiyo ing'oe kabla ya safari.

Maua yenyewe yaone kwa miguu. Ulizia utaratibu kwenye ofisi za hifadhi pale Matamba, acha pikipiki, tembea. Na ukikutana na mtu anayekuuzia chikanda, vile viazi vya okidi vinavyochimbwa na kupelekwa Zambia kuliwa, usinunue. Kila kiazi ni ua lililong'olewa na mzizi wake.

Baridi yake ni ya koti gani?

Kati ya Chimala na uwanda, joto hushuka kwa nyuzi kumi hivi, halafu ongeza upepo wa mwendo wako. Sweta moja zito halifui dafu mbele ya upepo. Kinachokufaa ni kitu kisichopitisha hewa juu ya sweta la kawaida. Gazeti chini ya jaketi kifuani limewaokoa wengi. Mikono ndiyo hufa ganzi kwanza, na mkono wenye ganzi haujui umebana breki kiasi gani. Vaa glavu. Ukizikosa, mifuko ya nailoni juu ya soksi ulizovaa mikononi. Watu watakucheka Matamba. Wacha wacheke.

Petroli na pancha?

Jaza tangi Chimala. Vijijini petroli ipo, kwenye chupa, na mara nyingine ina maji. Iache itulie, itazame kwenye mwanga, maji hukaa chini. Beba tyubu mbili nzima, pampu na vyuma vya kuvulia tairi. Viraka na solusheni hugoma kwenye tyubu yenye unyevu.

Mwanangu, enzi zetu tulikuwa tunapitia kilabuni kwa ulanzi kidogo ndipo tunapanda, na hatukuanguka. Nyie vijana mna nini?

Shikamoo, mzee. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu, ila unaendelea kuchachuka siku nzima, hata ndani ya chombo chako. Nitakunywa nawe tukishafika na pikipiki ikishafungwa.

Kwenye ramani ya simu naona njia kutoka Bulongwa kuteremkia Matema, Ziwa Nyasa. Inakata zaidi ya nusu ya safari. Niifuate?

Usiifuate. Huo mstari ni njia ya miguu inayoporomoka kwenye Milima ya Livingstone. Ziwa liko chini ya mita 500 juu ya usawa wa bahari, na wewe uko juu ya 2,000. Akina mama huipita na mizigo kichwani. Pikipiki utaibeba wewe. Rudi Isyonje, shika lami ya Tukuyu, pita Kyela na Ipinda. Utazunguka siku nzima kati ya migomba na mashamba ya chai, na jioni utafika ufukweni Matema breki zikiwa baridi.