Baba Akishaondoka: Namna ya Kumkumbuka kwa Vitendo

Kwetu Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mtu akifariki nyumba hujaa. Majirani huleta mchele, mawese na kuni, vijana huenda kuchimba kaburi, mashehe husoma Yasini, na jamaa hulala matangani. Kisha mikeka hukunjwa, kila mtu hurudi shambani au mtoni, na watoto hubaki peke yao na jina la baba. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga, na nilimpenda sana. Tangu tumzike nimeona kwamba kumkumbuka baba ni kazi, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Nauandika hapa kwa ajili ya ndugu aliyefiwa na asiyejua aanzie wapi.

1. Anza na madeni

Pale makaburini, mmoja wa familia husimama na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa naye ajitokeze pia. Msiishie hapo, kwa sababu wengi huona haya kudai mbele ya msiba. Sisi tulifungua daftari la Baba. Alikuwa akiandika kwa herufi za Kiarabu, mstari kwa mstari: mfuko wa mpunga kwa fulani, bidoni ya mawese kutoka kwa fulani. Tukawafuata wote majumbani mwao. Mzee mmoja wa ng'ambo ya mto alikataa kupokea chochote, akatukalisha na kutueleza deni lilivyotokea: mwaka mmoja mpunga uliharibika, Baba akakopa mbegu kwake na kuwagawia majirani waliokuwa hawana. Habari hiyo hatukuwa nayo. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la baba lina habari zake nyingi kuliko picha.

Kwa sheria ya Kiislamu, deni hulipwa kabla ya mirathi, wasia hauvuki theluthi moja, kisha warithi hugawana. Mjane wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake; mpeni bila kumzungusha. Watoto wanaogombania shamba hawapati nafasi ya kumwombea aliyelilima.

2. Kaa na mama wakati wa eda

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mama yupo nyumbani, na mazungumzo yana nafasi. Muulize mambo madogo: Baba alipenda kula nini akitoka shambani, nani alimfundisha kusoma, alikuwa akimwogopa nani. Siku moja Mama alikuwa akichambua sombe, akasema bila kuulizwa, "Baba yenu alikuwa hagusi wali wa mavuno mapya kabla sahani ya kwanza haijaenda kwa mjane." Tangu hapo sahani hiyo tunaipeleka sisi.

3. Andika majina

Nyangwe tunaijua hasara ya kutoandika. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara wa watumwa waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni hapa. Mamia walikufa, wengi wao wanawake, na wengine walizama Lualaba wakijaribu kukimbia. Msafiri Mskoti David Livingstone alikuwepo. Karatasi na wino vilikuwa vimemwishia, hivyo aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, kwa wino uliotokana na mmea. Kwa hiyo tarehe tunayo, lakini majina ya waliokufa hatuna. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na makao yake Kasongo, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na ndiyo maana baba yake, Muhammed bin Juma, anajulikana mpaka leo. Mwenye nguvu hakosi wa kumwandika. Mkulima wa mpunga ataandikwa na wanawe, au hataandikwa kabisa.

Basi chukua daftari. Andika jina la baba, la baba yake na la babu yake, kisha upande wa mama yake. Andika kijiji alichozaliwa, walimu wake, mashamba aliyolima na majina ya mashamba hayo. Warekodi wazee kwa simu, kila mmoja peke yake, maana wakikaa pamoja mdogo humwachia mkubwa aseme. Mwisho toa nakala. Mchwa na unyevu wa mto havina huruma na karatasi, kwa hiyo moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu wa Kasongo au Kindu.

4. Wafuate marafiki zake

Dini yetu inahesabu kuwatendea wema marafiki wa baba kuwa sehemu ya kumtendea wema baba mwenyewe. Siku ya Idi nenda ukawaamkie. Akiugua mmoja wao, uwe miongoni mwa wa kwanza kufika. Mwite Baba, na umtendee kama baba.

5. Mtolee sadaka inayoendelea

Hitima ya arobaini ni jambo jema, ila usikope ili kulisha kijiji kizima. Deni jipya halimfai marehemu. Mtume ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemwombea. Sisi tulitenga kipande cha shamba lake. Mpunga unaotoka pale hununulia watoto wa madrasa misahafu na madaftari. Asiye na shamba apande michikichi njiani, wapita njia wale. Majirani zetu Wakristo nao wana njia zao za kuwaombea wazee wao, na daftari la majina litawafaa vilevile.

6. Litunze kaburi

Mvua zikinyesha udongo hutitia, na jiwe la kichwani huinama. Nenda baada ya masika, rudishia udongo, fyeka majani, toa salamu, omba dua. Nenda na watoto, wapajue.

Ndugu yangu, wazee waliomjua baba yako wanapungua kila msimu. Wiki hii nenda kwa mmoja wao, na kalamu mkononi. Mwenyezi Mungu amrehemu baba yangu, amrehemu na wako, na awarehemu waliouawa sokoni Nyangwe, ambao Yeye peke yake anayajua majina yao.